Lazzaro Spallanzani, padri aliyetafuta namna popo anavyoona gizani

Popo anaruka usiku kati ya matawi, anapita chini ya paa za nyumba, anakamata mbu na nondo bila kugonga kitu. Leo wanafunzi wanafundishwa kwamba anapiga sauti na kusikiliza mwangwi wake. Lakini mtu wa kwanza kulichunguza jambo hilo kwa majaribio, padri na profesa wa Italia aliyeitwa Lazzaro Spallanzani, alikufa mwaka wa 1799 akiwa na nusu tu ya jibu. Alijua ni kazi ya masikio. Hakujua masikio hayo yanasikia nini. Na wakubwa wa sayansi wa wakati ule waliikataa hata nusu hiyo, na ilibaki imekataliwa kwa karibu miaka 140.

Spallanzani alizaliwa tarehe 12 mwezi wa Januari 1729 katika mji mdogo wa Scandiano, upande wa kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa bado inchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika tawala nyingi, na Scandiano ilikuwa chini ya watawala wa Modena. Baba yake alikuwa avoka, naye alitaka mtoto afuate njia hiyo hiyo. Akiwa na miaka 15 kijana alipelekwa kusoma kwa mapadri Wajezuiti katika mji wa Reggio. Kisha akaenda kwenye chuo kikuu cha Bologna kujifunza sheria.

Huko Bologna ndipo maisha yake yalipogeuka. Ndugu yake wa ukoo, Laura Bassi, alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu hicho, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa katika Ulaya kupewa nafasi ya profesa. Spallanzani alikaa karibu naye, akaona vyombo vya majaribio, akasikia mabishano ya wataalamu, na sheria ikaanza kumchosha. Baba alikubali mwishowe aiache. Kijana akasoma filosofia, hesabu na elimu ya viumbe, kisha akapata upadri. Kwa mtu wa enzi ile asiye na mali nyingi, upadri ulimpa heshima na mapato ya kumsaidia kuendelea na utafiti. Misa alisoma, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye vyura, konokono na chupa.

Alifundisha Reggio, halafu Modena, na mwaka wa 1769 akaitwa kwenye chuo kikuu cha Pavia, mji uliokuwa chini ya utawala wa Austria, ambako alipewa kiti cha elimu ya viumbe na usimamizi wa jumba la makumbusho. Alikaa huko miaka 30 mpaka kufa.

Kabla ya popo

Wakati jina la popo lilipoingia katika kazi zake, Spallanzani alikuwa tayari mtu maarufu katika Ulaya nzima. Mwaka wa 1765 alitoa kitabu cha kumpinga padri Mwingereza John Needham, aliyesema kwamba vijidudu vinaweza kujizaa vyenyewe ndani ya mchuzi. Spallanzani alitia mchuzi katika chupa, akaziba midomo ya chupa kwa kuyeyusha kioo chake motoni, akachemsha kwa karibu saa moja nzima. Hakuna kitu kilichoota ndani. Alipovunja shingo ya chupa na kuruhusu hewa kuingia, vijidudu vikaonekana. Needham hakukubali, akasema moto mwingi umeharibu nguvu ya uhai iliyokuwa ndani ya mchuzi. Ubishi huo ulimalizwa na Louis Pasteur wa Ufaransa, karibu miaka 100 baadaye.

Alichunguza pia tumbo la mwanadamu, na mtu aliyejaribiwa ni yeye mwenyewe. Alitia nyama na mkate katika vifuko vidogo vya kitambaa, akavishona, akavimeza, akangoja vitoke. Vifuko vilitoka vizima lakini chakula kilikuwa kimeyeyuka, na hiyo ikaonyesha kwamba tumbo halisagi chakula kwa nguvu tu kama jiwe. Lina maji yanayokiyeyusha. Alimeza hata vijiti vidogo vya mbao vilivyotobolewa ndani. Ni kazi ambayo wengi wangemwachia mbwa.

Mbwa naye alipata zamu yake. Spallanzani alimtia mbwa jike mbegu za dume kwa sindano ya bomba, na siku 62 baadaye mbwa huyo akazaa watoto 3 walio hai. Kabla ya hapo alikuwa amewavalisha vyura dume suruali ndogo ili kuona kama mayai ya jike yatapata mimba bila kuguswa na majimaji ya dume. Hayakupata. Lakini yeye mwenyewe alibaki akiamini kwamba vijidudu vinavyoonekana ndani ya mbegu si vyenye kufanya kazi hiyo. Alifika mlangoni, hakuingia. Jambo la namna hiyo lingemtokea tena kwa popo.

Mashitaka ya wizi

Sifa humletea mtu maadui, na Spallanzani hakuwa mtu wa maneno matamu. Alipokuwa safarini Konstantinopoli, mwaka wa 1785 na 1786, wenzake kadhaa wa Pavia walimshitaki kwamba ameiba vitu vya jumba la makumbusho na kuvificha nyumbani kwake Scandiano. Padri mmoja mwenzake aliyekuwa mtunzaji wa jumba hilo alikwenda mpaka Scandiano kuangalia mkusanyo wake wa binafsi, kisha akaeneza habari kwa barua sehemu nyingi za Ulaya. Habari hizo zilimfikia Spallanzani akiwa njiani kurudi.

Alipita Vienna, akapokelewa na mfalme Joseph wa Pili. Pavia, wanafunzi walitoka kumpokea kwa shangwe. Uchunguzi wa serikali ulifanywa, na mwaka wa 1787 ukamaliza kwa kumtangaza asiye na kosa. Mshitaki mkuu akaondolewa kazini.

Spallanzani hakusamehe. Mmoja wa wale maprofesa, Giovanni Antonio Scopoli, aliletewa mnyoo wa ajabu ulioaminiwa kuwa umetoka katika mwili wa mtu. Scopoli akauandika kama aina mpya, akachapisha picha yake, akautoa kwa heshima ya Joseph Banks, rais wa chama kikuu cha sayansi cha London. Mnyoo huo ulikuwa koo la kuku, limetengenezwa kwa ujanja. Mpango ulikuwa wa Spallanzani. Scopoli alikufa mwaka wa 1788, Ulaya ikiwa bado inacheka. Kisasi hicho kilikuwa kikali kupita kiasi, na kwa padri hakikuwa cha kumletea sifa.

Bundi na popo

Mwaka wa 1793 Spallanzani alikuwa na miaka 64. Alikuwa akichunguza ndege na wanyama wa usiku, na alikuwa na bundi aliyeruka vizuri chumbani wakati mshumaa mmoja unawaka. Mshumaa ulipozimika, bundi akaanza kugonga kuta na vyombo. Spallanzani akaleta popo katika chumba kile kile. Mshumaa ukazimwa. Popo waliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Akatundika nyuzi nyembamba kutoka dari mpaka chini, akiacha nafasi ndogo tu ya kupita. Popo walipita kati ya nyuzi gizani. Akawavalisha kofia ya kitambaa iliyofunika kichwa, na mara moja wakaanza kugonga. Mtu mwingine angesimama hapo na kusema kwamba wanatumia macho, ila wana macho makali kuliko bundi. Lakini Spallanzani akawavalisha kofia ya kitambaa kinachopitisha nuru, na bado waligonga. Kwa hiyo kofia ilikuwa inazuia kitu kingine, si macho.

Hatua iliyofuata ni ngumu kuisoma leo. Aliwapofusha popo. Wengine kwa waya wa moto, wengine kwa kuwatoa macho kabisa. Hakuna sheria iliyomkataza wakati ule, na wataalamu wengi wa karne ile walifanya vivyo hivyo bila kujiuliza mara mbili. Popo vipofu walipotulia kutokana na maumivu wakaruka. Walipita kati ya nyuzi, wakakwepa mikono ya watu, wakageuka walipofika ukutani, kama wale wenye macho.

Je, wanaweza pia kuwinda? Hilo lilikuwa swali la pili, na labda ndilo kubwa zaidi, maana kukwepa ukuta si sawa na kumkamata mdudu mdogo anayeruka. Spallanzani aliwachukua popo waliokuwa wakiishi katika mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pavia, akawapofusha, akawaachilia. Siku chache baadaye alipanda mnara asubuhi mapema, wakati popo wanarudi kutoka kuwinda, akawakamata tena baadhi yao. Alipasua matumbo yao na ya wenzao wenye macho. Matumbo yote yalikuwa yamejaa wadudu. Kipofu alikuwa amekula sawa na mwenye kuona.

Spallanzani akaanza kuondoa hisi moja baada ya nyingine. Aliwapaka popo rangi ya kung'aa mwilini na mabawani ili kuzuia hisi ya kugusa, waliruka. Aliziba pua; waliruka. Alishughulikia hata ulimi. Mwishowe akaanza kufikiri kwamba popo wana hisi ya sita ambayo mwanadamu hana. Alitawanya swali lake kwa barua kwa wataalamu wa Turin, Pisa na Geneva, akiwaomba warudie majaribio yake. Barua hizo zilichapishwa Turin mwaka wa 1794.

Nta masikioni

Jibu lilitoka Geneva. Louis Jurine, munganga wa upasuaji aliyependa elimu ya wadudu na ndege, alifanya kitu rahisi: aliziba masikio ya popo kwa nta na vitu vingine vya kunata. Popo hao, wenye macho mazima, waligonga kila kitu kilichokuwa mbele yao.

Spallanzani hakuamini mwanzoni. Jambo lenyewe lilionekana halina maana: popo anaporuka, mtu hasikii chochote isipokuwa mvumo mdogo wa mabawa. Uzi uliotundikwa hautoi sauti. Sikio litasikia nini? Lakini alikuwa na tabia ya kutomwamini mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, mpaka ajaribu. Alirudia kazi ya Jurine. Kisha akatafuta njia ya kuondoa shaka moja: huenda popo waligonga kwa sababu tu nta iliwaumiza. Alitengeneza vijibomba vidogo sana vya shaba, akavitia masikioni. Vijibomba vilipokuwa wazi, popo waliruka vizuri. Vilipojazwa na kuzibwa, popo walewale, wakiwa na chuma kilekile masikioni, waligonga kuta.

Hilo ndilo jaribio bora kati ya yote aliyoyafanya juu ya popo, na lingekubaliwa hata katika maabara ya leo. Kofia ya mwanzo nayo ikapata maelezo: ilikuwa imefunika masikio.

Spallanzani akaacha wazo la hisi ya sita na kukubali kwamba Jurine amesema kweli. Lakini swali la sikio linasikia nini lilibaki palepale. Hakuwa na chombo cha kumwonyesha kwamba chumba chake chenye ukimya kilikuwa kimejaa makelele.

Kunyamazishwa

Katika Paris, Georges Cuvier alikuwa kijana anayepanda haraka, na baada ya muda mfupi neno lake lingekuwa kama sheria katika elimu ya wanyama. Mwaka wa 1795 alieleza kwamba popo wanaongozwa na hisi ya kugusa iliyo katika ngozi ya mabawa yao, inayosikia mabadiliko ya hewa. Spallanzani alikuwa amekwisha kupaka mabawa hayo rangi na kuona kwamba hayahusiki, na Cuvier hakuleta jaribio lake lolote. Hata hivyo maelezo yake yalipendeza zaidi. Huko Uingereza watu wa elimu walifanya mzaha juu ya wanyama wanaoona kwa masikio. Vitabu vya shule vilifuata Cuvier kwa zaidi ya miaka 100.

Spallanzani alikuwa amezeeka, na jeshi la Napoleon Bonaparte lilikuwa limeingia Pavia mwaka wa 1796. Wafaransa walimheshimu, wakampa nafasi ya kufundisha Paris, akaikataa kwa sababu ya umri. Ugonjwa wa kibofu cha mkojo ulikuwa unamtesa. Alikufa Pavia katika mwezi wa Februari 1799, akiwa na miaka 70. Kibofu chake kilitolewa, kikatiwa katika dawa ya kuhifadhi, na mpaka leo kimo katika jumba la historia la chuo kikuu hicho. Mtu aliyepasua wanyama maelfu angalielewa. Sehemu kubwa ya maelezo yake juu ya popo ilibaki katika barua na daftari.

Kelele ambazo sikio halisikii

Sikio la mwanadamu linasikia sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20.000 hivi kwa sekunde. Popo wengi wanaokula wadudu wanapiga sauti zilizo juu ya mpaka huo, na wengine wanapita 100.000. Ndiyo maana Spallanzani alisikia ukimya.

Mwaka wa 1938 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeitwa Donald Griffin, aliwabeba popo katika kizimba mpaka kwa profesa wa fizikia George Pierce, aliyekuwa na mashine ya kugeuza sauti hizo za juu kuwa sauti ambazo mtu anaweza kusikia. Mashine ikapiga kelele. Griffin na mwenzake Robert Galambos wakatundika waya badala ya nyuzi, wakaziba masikio, na safari hii wakafunga pia midomo. Popo aliyefungwa mdomo aligonga sawa na yule aliyezibwa masikio. Kipande kilichomkosa Spallanzani kilikuwa hicho: popo mwenyewe ndiye anayetoa sauti, na anachosikiliza ni mwangwi wake. Mwaka wa 1944 Griffin aliupa uwezo huo jina, ekolokesheni. Bado kulikuwa na maprofesa waliokasirika kuambiwa kwamba mnyama mdogo kama huyo ana ufundi uliofanana na ule ambao majeshi yalikuwa yakiuficha kama siri ya vita.

Swali la mnara wa Pavia, lile la kuwinda, lilijibiwa miaka ya 1950. Popo anayetafuta chakula anapiga sauti kama 10 kwa sekunde. Sauti inakimbia hewani karibu metre 340 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa mdudu aliye umbali wa metre 1 na sentimetre 70 unarudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kadiri muda huo unavyopungua, ndivyo popo anavyojua kwamba mdudu yuko karibu. Tofauti ndogo kati ya sikio la kushoto na la kuume inamwonyesha upande. Akimgundua mdudu, anaongeza sauti, 20, 50, na katika dakika ya mwisho ya windo, ambayo kwa kweli haifikii hata sekunde moja, zinafika karibu 200 kwa sekunde, kama mashine ya kushona iliyoshikwa na wazimu. Kisha anamzoa mdudu kwa bawa au kwa ngozi ya mkia na kumpeleka mdomoni akiwa bado hewani.

Ili asijizibe masikio kwa kelele zake mwenyewe, misuli midogo ndani ya sikio inakaza kila anapopiga sauti na kulegea mara moja ili kupokea mwangwi. Popo wenye pua ya umbo la kiatu cha farasi, ambao jamii zao zinapatikana pia Kongo, wanashikilia sauti ya namna moja tu na kutambua mtetemo wa mabawa ya mdudu ndani ya mwangwi, hata kama amejificha karibu na majani. Nondo wengine nao wamepata masikio ya kusikia popo anakuja, na wanajitupa chini kabla ya kukamatwa. Popo wakubwa wanaokula matunda wao wengi wanategemea macho na pua. Spallanzani akiwapofusha hao asingegundua kitu.

Baada ya kumaliza majaribio yake na Griffin, Galambos alirudi nyuma kutafuta nani aliyewatangulia. Alisoma barua za zamani za Pavia na Geneva, na mwaka wa 1942 akachapisha makala nzima juu ya kazi ya Spallanzani na Jurine, katika gazeti la historia ya sayansi la Isis. Kofia, nyuzi, nta na vijibomba vya shaba, vyote vilikuwa vimeandikwa humo.